Certainly, definitely au surely? Kuchagua neno la uhakika unapoandika Kiingereza

Saa tatu usiku, kontena la vigae liko kwenye foleni Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Wakala wa forodha anachukua simu amwandikie mwenye mali, aliye dukani Kikuubo, Kampala, zaidi ya kilomita 200 kutoka pale. Kwa Kiswahili angeandika "Hakika gari litavuka leo" na mambo yangeishia hapo. Lakini mwenye mali anautaka ujumbe kwa Kiingereza, kwa kuwa ataupitisha kwa mnunuzi wake. Wakala ana sentensi tatu za kuchagua:

"The truck will certainly cross tonight."
"The truck will definitely cross tonight."
"Surely the truck will cross tonight."

Ukifungua kamusi, maneno yote matatu utayakuta chini ya "hakika" au "bila shaka". Msomaji wa Kiingereza hayasomi hivyo. Katika sentensi ya kwanza anamsikia mtu aliyeziona hati na anayetoa neno lake. Katika ya pili anasikia kwamba jambo limekwisha kufungwa, hakuna tena "labda". Katika ya tatu anamsikia mtu anayejipa moyo: jamani, gari halitalala hapa, au vipi? Mnunuzi akipata hiyo ya tatu, atapiga simu usiku huo huo.

Kiswahili kinazifanya kazi hizi zote kwa maneno mawili matatu, kisha kinaziachia sauti na muktadha zimalize. "Bila shaka umechoka" ni kukisia. "Bila shaka nitakuja" ni ahadi. Mgeni akiomba maji nawe ukasema "bila shaka", huo ni ukarimu. Kiingereza kinazigawa kazi hizo kwa maneno tofauti. Na hapa Uganda, ambako Kiingereza ndicho lugha ya ofisi na mtihani, na Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kikatiba tangu 2005, mtu huhama kati ya lugha tatu kabla ya chakula cha mchana. Anayetoka kwenye Luganda anakuja na "ddala" yake, ambayo nayo inabeba mizigo yote hii peke yake.

Vigezo vya kulinganisha

Swali linaloulizwa sana ni "lipi lina nguvu zaidi?" Halikusaidii kitu, kwa sababu maneno haya hayajapangwa kama ngazi. Jiulize hili kwanza: uhakika huu unatoka wapi, na ni nani anayeubeba, msemaji au msikilizaji? Hicho ndicho kigezo kizito kuliko vyote. Baada yake tutaangalia neno linakaa wapi katika sentensi, linaelewanaje na kikanushi (neno la kukana, kama "not"), linamjibuje mtu aliyeuliza au kuomba, na linafaa mazingira gani.

Certainly

Uhakika unatoka wapi. Msemaji ana ushahidi au ujuzi, na anasimama kama shahidi. Mzizi wake ni neno la Kilatini certus, lililomaanisha kitu kilichoamuliwa au kilichothibitika. Mzigo wote uko kwa msemaji. Neno hili lina kazi ya pili ambayo shuleni haitajwi sana, nayo ni kukubali hoja kabla ya kuipinga: "The old road is certainly shorter, but it floods in April." Msomaji mzoefu akiliona "certainly" mapema katika aya ya hoja, anaanza kuisubiri "but". Usipoileta, anabaki anajiuliza iko wapi.

Mahali pake. Linakaa kabla ya kitenzi kikuu: "They certainly paid." Linakaa baada ya "is", "are" na ndugu zao: "The price is certainly high." Vitenzi visaidizi vikiwa viwili, linaingia baada ya kile cha kwanza: "The goods will certainly have arrived by Friday." Kosa letu la kawaida ni kulichomeka kati ya kitenzi na yambwa (kile kinachotendewa), "He paid certainly the duty", kwa kufuata mpangilio wa "Alilipa hakika ushuru". Kiingereza hakipendi kitenzi kitenganishwe na yambwa yake, na kanuni hiyo ni ya "definitely" pia.

Kukanusha. "He certainly won't pay" ni sawa. "He will certainly not pay" ni sawa, tena ni rasmi zaidi. "He won't certainly pay" si sawa. Kisaidizi kikishaungana na "not" na kuwa "won't", "didn't" au "isn't", neno la uhakika linatangulia mbele yake. Jihadhari pia na "sijui kwa hakika": wengi wanaandika "I don't certainly know", ilhali Kiingereza kinasema "I don't know for certain" au "I don't know for sure".

Kujibu. Hili ni jibu la mhudumu wa hoteli na la kaunta ya benki. "Could I have a receipt?" "Certainly." Ni adabu iliyonyooka. Lakini "Certainly not" ni kali: inalikataa jambo na kumkemea aliyelileta. Mkuu wako akiuliza kama utaweza kuja Jumamosi, usimjibu hivyo hata kama una harusi.

Mazingira. Barua, ripoti, maelezo ya polisi, insha. Kwenye gumzo la simu kati ya marafiki linaonekana limevaa tai.

Definitely

Uhakika unatoka wapi. Ndani yake kuna neno la Kilatini finis, yaani mpaka au mwisho. Jambo lilikuwa limeachwa wazi, sasa limewekewa mpaka. Ndiyo maana linakwenda vizuri na uamuzi, mpango na utambuzi uliothibitishwa. Mhudumu wa zahanati, kabla ya kipimo, atasema "It is probably malaria." Kipimo kikionyesha wadudu, ndipo atasema "It is definitely malaria." Angalia lakini kivuli kinacholifuata: ukisema "definitely", umedokeza kwamba kulikuwa na swali. "She is definitely my sister" humfanya msikilizaji ajiulize ni nani aliyekuwa anabisha.

Mahali pake ni pale pale pa "certainly", ila katika mazungumzo linakubali kuja mwishoni: "I'm coming, definitely."

Kukanusha. Hapa mpangilio wa maneno unaweza kukutia hasara. Chukua mpishi wa harusi Mbale anayehesabu sahani, akapata ujumbe kuhusu wageni arobaini wa kutoka Soroti. Ukisema "They are definitely not coming", hawaji, apunguze sahani arobaini. Ukisema "They are not definitely coming", bado haijathibitika, asiguse hesabu. Maneno ni yale yale matano, "not" imehama nafasi moja tu. Kikanushi kinaila maana ya neno linalokifuata. Kikitangulia "definitely", kinachokanushwa ni uhakika. Kikija baada yake, kinachokanushwa ni kuja kwenyewe.

Kujibu. Ni jibu la moyo wote. "Would you hire him again?" "Definitely." Kwa ombi dogo linazidi kipimo: mtu akikuomba ufunge dirisha ukajibu "Definitely", ni kama umekula kiapo mahakamani kwa ajili ya dirisha. "Definitely not" ni kukataa kulikoamuliwa, lakini bila ile kemeo ya "Certainly not".

Mazingira. Mazungumzo, barua pepe za kazi, ujumbe wa simu. Kwenye ripoti rasmi, likitokea mara ya tatu katika ukurasa mmoja, mwandishi anaonekana anasukuma gari lililogoma.

Na tahajia, kwa sababu hapa ndipo linapoumiza watu. Ndani yake kuna "finite" nzima: de, finite, ly. Kuandika "definately" ni kosa, lakini angalau simu italipigia mstari mwekundu. Balaa ni "defiantly", kwa kuwa ni neno halali lenye maana ya "kwa ukaidi", na kirekebisha maneno cha simu hupenda kulileta pale unapokosea herufi. "I will defiantly attend the interview" humwambia mwajiri kwamba utahudhuria usaili ukiwa umekunja ngumi. Kimatamshi, mkazo uko mwanzoni: DE-fi-nit-li. Usisome "fainait" kwa kuifuata "finite" ikiwa peke yake.

Surely

Uhakika unatoka wapi. Hili ndilo neno linalodanganya, maana sura yake inafanana na "sure" na mzizi wake ni Kilatini securus, "bila wasiwasi", ambako "secure" nayo imetoka. Lakini katika Kiingereza cha leo, anayesema "surely" kwa kawaida hajathibitisha. Anaamini, anatarajia, na anamkabidhi msikilizaji nusu ya mzigo amsaidie kubeba. "Surely the bank is open" maana yake: sijaenda kuangalia, lakini nitashangaa nikiikuta imefungwa, hebu niambie ndiyo. Kwa Kiswahili ni karibu zaidi na "si benki iko wazi jamani?" kuliko na "hakika benki iko wazi".

Kwa nini basi watu wengi hapa wanaliandika kama "hakika" kamili? Sababu moja ni kanisani. Biblia ya Kiingereza ya 1611, ile ya Mfalme James, ina "thou shalt surely die" katika Mwanzo 2:17, na Biblia ya Kiswahili inasema "utakufa hakika". Zaburi ya 23 nayo inafunga kwa "Surely goodness and mercy shall follow me", Kiswahili chake "Hakika wema na fadhili zitanifuata". Katika Kiingereza cha karne ya 17 neno hilo lilikuwa limejaa, halina shaka ndani yake. Limepungua uzito baadaye. Ukilipeleka na uzito wa 1611 kwenye barua pepe ya leo, msomaji atalipokea na uzito wa leo.

Ajabu ni kwamba mtaani Kampala "surely" ya kisasa inatumika vizuri kabisa. Kondakta akimrudishia abiria chenji pungufu, abiria anasema "But surely!" Hapo hasemi "lakini hakika". Anasema "Jamani!", yaani nilitarajia bora kuliko hili, nawe unajua. Sikio la mtaani limelishika neno kuliko daftari la shule.

Jaribu sentensi ya deni uone tofauti. "I definitely paid you": ujumbe wa mobile money bado uko kwenye simu yangu. "I certainly paid you": natoa neno langu kama shahidi. "Surely I paid you": mdai ataelewa mara moja kwamba hujafungua daftari. Kwa jambo ulilolitenda mwenyewe na unalikumbuka, "surely" inakudhoofisha.

Mahali pake. Mara nyingi linafungua sentensi. Linaweza kuja mwishoni baada ya mkato, tena na alama ya kuuliza ingawa sentensi haina muundo wa swali: "They have closed by now, surely?" Katikati nako linakaa: "This is surely a mistake." Alama ile ya kuuliza isikushangaze, inaonyesha kwamba msemaji anasubiri jibu.

Kukanusha. "Surely they don't charge for that" ni mshangao: kwani na hilo nalo wanalitoza? Kikanushi kinakuja baadaye, na "surely" inabaki mbele ikilalamika. Weka sasa majibu matatu pamoja, habari ikiwa ni kwamba shamba la familia linauzwa. Mwenye shamba akisema "Certainly not", anamaanisha nani kakuletea upuuzi huo. Akisema "Definitely not", wamekaa wakaamua, hawauzi. "Surely not!" hawezi kuisema mwenye shamba, maana yeye anajua. Hiyo ni ya jirani aliyeisikia habari mlangoni: haiwezekani!

Kujibu. Usilitumie kukubali ombi. Wamarekani wa zamani walijibu "Surely" kama tunavyojibu "haya", lakini leo wanasema "Sure", na msomaji aliyezoea Kiingereza cha Uingereza atashangaa. Ukiulizwa "Are you sure?", jibu ni "Yes, I am", si "Yes, surely".

Kuna vibaki viwili vya maana ya zamani. "Slowly but surely" ni pole pole lakini bila kurudi nyuma. Na katika hisabati ya uwezekano, "almost surely" ni istilahi kamili: tukio lenye uwezekano wa 1. Ukiikuta kwenye kitabu cha chuo, usiisome kama neno la mtaani.

Mazingira. Hotuba, makala ya maoni, mazungumzo, kubembeleza, kulaumu kwa upole. Katika ripoti liache nje. Mwanafalsafa Mmarekani Daniel Dennett alishauri kwamba ukiliona "surely" katikati ya hoja, usimame hapo uikague, kwa kuwa mara nyingi mwandishi analiweka pale alipotaka ukubali bila ushahidi. Ni ushauri mzuri kwa msomaji, na kwa mwandishi anayejikagua pia.

Jirani mbili: of course na no doubt

"Of course" ina maana kwamba jambo linajulikana, halikuhitaji hata kuulizwa. Kwa ombi ni ukarimu: "May I sit here?" "Of course." Kwa swali la habari inageuka dharau. Mgeni akiuliza "Is this the taxi park?" ukajibu "Of course", umemwambia kwamba hata mtoto anajua. Mjibu "Yes, it is."

"No doubt" ni mtego wa Waswahili hasa, kwa vile ni "bila shaka" neno kwa neno. Kwa Mwingereza "He has no doubt left Jinja by now" ni makisio, karibu na "atakuwa ameshatoka Jinja". Ukitaka kusema kwamba umethibitisha, tumia "without doubt" au "undoubtedly". Makisio yenye sababu nzuri yana njia yake nyingine nyepesi: "He must have left Jinja by now."

Ukitakiwa kutoa kiasi

Kuna kazi ambazo "hakika" pekee haitoshi, zinataka kiasi chake. Mwaka 1964 Sherman Kent, mchambuzi wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, alipendekeza kwamba "almost certain" isomwe kama asilimia 93, ikipungua au kuzidi kwa 6 hivi, na "probable" kama 75, ikipungua au kuzidi kwa 12 hivi. Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, nalo lina kipimo chake: "virtually certain" ni asilimia 99 hadi 100, "very likely" ni 90 hadi 100. Anayeandika ripoti ya mavuno au ya mvua kwa wafadhili atakutana na vipimo vya namna hii. Kwenye mazingira hayo, "almost certainly" inakubalika vizuri. "Almost definitely" husikika mdomoni, lakini wahariri wengi wataifuta.

Uchague lipi?

Kama unaandika barua ya kazi au ripoti na una ushahidi, "certainly" itakufaa, mara moja kwa ukurasa. Kama unathibitisha mpango, miadi au matokeo ya kipimo, chukua "definitely" na uikague tahajia kabla ya kutuma. Kama hujathibitisha na unataka mwenzako akubaliane nawe, au unamlaumu bila kumtukana, "surely" ndiyo yako, iweke mwanzoni mwa sentensi. Kama unamkubalia mteja ombi lake, chagua kati ya "certainly" na "of course" kwa kadiri mnavyozoeana.

Mwanafunzi wa insha atakuwa salama akiiweka "certainly" kwenye aya inayokubali hoja ya upande wa pili, kisha "but". Mtafsiri anayekutana na "bila shaka" aangalie kwanza tendo. Ikiwa ni makisio, "no doubt" au "must". Ikiwa ni ahadi, "definitely". Ikiwa ni ukarimu, "of course".

Na kwenye mkataba, ankara au taarifa ya mzigo, yaache yote. "The supplier shall deliver" haiongezewi nguvu na "definitely". Kinachoiongezea nguvu ni tarehe na idadi. Wakala wetu wa Malaba pia hahitaji kuchagua kati ya zile tatu kama hati zimeshapigwa muhuri. Ageuze tu saa ipasavyo, kwa kuwa saa mbili na dakika arobaini usiku kwa Kiingereza ni 8.40, kisha aandike: "The truck was cleared at 8.40 p.m. and will cross tonight."